Wewe Mwenyeji wa Wapi?

Katika harusi za Waswahili walio ughaibuni, iwe ni katika ukumbi wa kukodi pembezoni mwa London au katika ua wa nyumba mjini Maskati, huwadia wakati ambapo sahani za pilau zimekwisha kuondolewa, wazee wamesogeza viti, na mmoja wao humgeukia jirani aliyekaa naye bega kwa bega kwa muda wa saa nzima, akamwuliza: "Ndugu yangu, wewe mwenyeji wa wapi?" Swali hilo haliulizi paspoti. Atakayejibu kuwa ni Mwingereza au Mwomani atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa, na aliyemwuliza atasubiri kwa adabu mpaka jibu lenyewe lije. Kinachotazamiwa ni jina la mji, na baada ya mji, mtaa: Kibokoni ya Mombasa, Vikokotoni ya Unguja, Mkomani ya Lamu. Mtaa ukishatajwa, mazungumzo hufunguka. Huulizwa nyumba ya nani, karibu na msikiti upi, na aghalabu hazipiti dakika kumi kabla hajapatikana shangazi ambaye wote wawili wanamjua.

Kuna njia nyingine ya kuuliza, nayo ni "unatoka wapi?" Lakini mtu anaweza kujibu kwamba anatoka kazini, au sokoni. Swali hilo hushughulika na mwendo, na mwenye kutoka mahali amekwisha kupaacha. Uenyeji hauachwi kwa kupanda ndege. Mzee aliyeondoka Pemba akiwa na miaka kumi na minane na ambaye sasa ana wajukuu Toronto bado husema "mimi mwenyeji wa Wete," kwa wakati uliopo, bila kusita, na hakuna amwonaye kuwa amekosea sarufi. Neno hili dogo, ambalo magazeti hulitumia kwa timu ya mpira inayocheza katika uwanja wake na wanadiplomasia hulitumia kwa nchi inayoandaa mkutano, limebeba dhana ya asili ya mtu iliyo tofauti na ile iliyomo katika maneno ya lugha za Ulaya yanayodaiwa kuwa sawa nalo. Tofauti hiyo haikuwa ya kinadharia tu. Kuna watu waliofungiwa mlango wa nyumba yao kwa sababu yake.

Asili ya neno haina fumbo kubwa. Ni "mwenye mji," maneno mawili yaliyosuguana kwa matumizi ya karne nyingi mpaka yakawa moja, na ile m ya "mji" ikamezwa njiani. Wanafunzi wa lugha wakati mwingine hudhani kwamba -ji ya mwisho ni ile ya msemaji, mchezaji na mwindaji, kiambishi cha mtenda aliyezoea kutenda. Sivyo. Hapa -ji ni mabaki ya mji mzima. Mtu akiyafuata mabaki hayo atatoka nje ya Kiswahili, kwa kuwa neno mji lina ndugu wengi katika lugha za Kibantu: Wachewa husema mudzi, Wazulu husema umuzi, Wakikuyu husema mũciĩ, na kwa wote hao maana huanzia si katika barabara na maduka bali katika boma, makazi ya watu wa ukoo wanaoota moto mmoja. Maana ya mji kama mahali pa maghorofa na msongamano wa magari ni ya baadaye. Mji wa kwanza ulikuwa nyumbani.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu hiyo mahali pasipotarajiwa. Wanawake wanaoijua kanga watakwambia kwamba ina pindo, ina jina, na sehemu ya katikati inayozungukwa na pindo huitwa mji. Wakunga na wauguzi wa Tanzania huita mji wa mimba kile kiungo ambacho mtoto hukaa kabla ya kuzaliwa. Haina haja kudai kwamba msemaji anapotamka mwenyeji huwaza kanga au mimba. Maneno hayafanyi kazi hivyo, na wapenzi wa etimolojia wana tabia ya kuyalazimisha yakumbuke zaidi ya uwezo wao. Inatosha kuona kwamba katika lugha hii mji ni kilicho ndani, kinachozungukwa na kuhifadhiwa.

Nusu ya kwanza ya neno ina utajiri zaidi, ingawa ndiyo inayopitwa haraka. Watafsiri hulichukua -enye kuwa ni umiliki, kwa hiyo mwenye nyumba ni yule mwenye hati ya nyumba. Lakini Kiswahili husema pia mwenye njaa, mwenye homa, mwenye huzuni, mwenye deni. Mwenye homa hamiliki homa. Homa ndiyo iliyomshika. -enye ni kuwa pamoja na kitu kwa namna ambayo haisemi wazi nani amemshika mwenzake. Basi mwenye mji aweza kuwa bwana wa mji, na aweza vilevile kuwa mtu ambaye mji umemwingia kama homa ya vipindi, humwachia kwa miezi kisha humrudia usiku asiotarajia. Waishio mbali na kwao hawahitaji kuelezwa maana hiyo ya pili.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba neno hili halikai peke yake. Mwenyeji yupo kwa sababu mgeni yupo. Mtu anayeishi kisiwani ambako hapajapata kutia nanga chombo cha wageni hana sababu ya kujiita mwenyeji wa popote. Ndiyo maana neno lilelile lina maana ya mzaliwa wa mahali na maana ya anayepokea na kukaribisha, na msemaji wa Kiswahili haoni kwamba hizo ni maana mbili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema methali ijulikanayo kuliko zote katika mlango huu, na hapo mwenyeji ndiye mgonjwa, mgeni ndiye tabibu. Methali nyingine hutangaza kwamba mgeni hukirimiwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Wengi huinukuu kama mzaha juu ya ubahili. Mzaha umo, lakini mwenye kupewa jembe amepewa pia kipande cha shamba cha kulima, na anayelima shamba la nyumba huanza kuulizwa habari za mvua na za mavuno, na siku moja atakuja mgeni mwingine na yeye ndiye atakayeonyesha njia ya kisima. Uenyeji, kwa mantiki ya jembe, ni kitu ambacho mtu aweza kukifikia. Hakika Kiswahili husema bila taabu yoyote "nimekwisha kuwa mwenyeji sasa," sentensi ambayo haiwezekani kusemwa na mzawa, kwa kuwa hakuna awezaye kuzaliwa mahali kwa bidii.

Haifai hata hivyo kulipamba neno kupita kiasi. Watu wa miji ya pwani walijiita kwa miji yao, Waamu, Wapate, Wasiu, Wamvita, kabla ya jina la jumla la Waswahili, lililotokana na neno la Kiarabu la pwani, kuenea juu yao wote. Na fahari hiyo ya mji ilikuwa na ukuta wake. Mwenye, au mwinyi kwa matamshi ya Unguja na Mrima, lilikuwa pia jina la heshima, na mtawala wa wenyeji wa Unguja, ambaye kasri yake ilikuwa Dunga, aliitwa Mwinyi Mkuu. Mtumwa aliyezaliwa mjini hakuwa mwenyeji kwa kule kuzaliwa tu. Yeye aliitwa mzalia: amezalia hapa, hapa ndipo kitovu chake kilipozikwa, anaijua lugha na dua na ngoma zote, na bado mji si wake. Na aliyetoka bara, hata awe huru, aliitwa kwa majina ambayo hayafai kurudiwa kwa fahari. Watu walioishi nyuma ya Mombasa waliitwa Wanyika kwa muda mrefu, yaani watu wa porini, mpaka katika miaka ya 1940 walipojichagulia jina la Mijikenda: miji tisa. Hawakujitwalia jina la kabila, wala la babu. Walichukua mji, wakauzidisha mara tisa. Hilo ni jibu la kisiasa ambalo halijapewa sifa linayostahili.

Wazungu walipokuja kutawala walikuwa na neno lao la watu waliowakuta, na walihitaji la Kiswahili la kulitafsiria. Neno native la Kiingereza hutokana na Kilatini na msingi wake ni kuzaliwa. Wajerumani walisema Eingeborene, aliyezaliwa humo. Kuna kejeli hapa ambayo maofisa hawakuiona. Katika Kilatini cha mahakama za Uingereza ya zama za kati, nativus lilikuwa jina la mtu aliyezaliwa katika utwana, mtu wa shamba la bwana asiyeruhusiwa kuondoka bila idhini. Kama wangetafuta neno la Kiswahili linalolingana na hilo kwa historia yake na kwa kusudi lake, wangelikuta tayari mzalia. Badala yake waliandika wenyeji. Katika Tanganyika ya Waingereza, hasa baada ya sheria ya mwaka 1926 iliyoletwa na Gavana Donald Cameron, karatasi za serikali zilijaa mamlaka za wenyeji na mahakama za wenyeji. Mtu asiyeweza kuuza kahawa yake bila kanuni za bwana shauri, anayehukumiwa katika mahakama yake ya pekee kwa sheria zake za pekee, aliitwa na serikali hiyohiyo mwenye mji.

Yawezekana makarani na wafasiri wa Kiafrika ndio waliolipitisha neno hilo, na yawezekana walilipitisha kwa makusudi. Hilo ni dhana tu, lakini ni dhana tamu kuifikiria: kwamba katikati ya kila waraka wa kumdhalilisha mtu palikaa neno la kumwambia mgeni, kwa lugha asiyoielewa vizuri, kwamba yeye ni mgeni.

Lakini neno zuri haliondoi uzito wa sheria. Hapana aliyeuonja uzito huo kwa namna ya ajabu kuliko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye jina la baba yake lilibeba lile neno la kale la heshima. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kwenda kuitawala pwani aliyotoka. Pamoja na Carl Velten alishiriki katika kazi iliyochapwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hata leo hapana mwanafunzi wa historia ya pwani awezaye kukikwepa: uzazi, malezi, harusi, ngoma, utumwa, safari za bara, vyote vimeandikwa kwa nathari tulivu isiyojitetea wala isiyoomba radhi. Ni kazi ya mwenyeji kwa maana kamili. Anamshika mgeni mkono, anamzungusha mjini, anamweleza nani ni nani na kwa nini jambo hufanywa hivi na si vile.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wakafunga safari ya baharini kuelekea kwao. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki hawakuruhusiwa kushuka pamoja. Wakuu wa koloni hawakuwa tayari kumwona mwanamke wa Kijerumani akiishi Bagamoyo kama mke wa Mwafrika. Kwa macho ya sheria Mtoro alikuwa Eingeborener, aliyezaliwa humo, na kwa kuwa alikuwa aliyezaliwa humo hakuweza kuingia humo na mke wake. Yafaa kuisoma sentensi hiyo mara mbili. Neno lililopaswa kuwa ufunguo wa mlango ndilo lililokuwa komeo. Meli iliwarudisha Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, kisha akazunguka akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki, na akafa Berlin mwaka 1927. Jina lake la kwanza, Mtoro, maana yake ni mtu aliyekimbia kwao.

Waingereza nao walikuwa na komeo lao. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, ilimlazimu kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikisha miaka 16 kujiandikisha na kubeba kipande, na wengi walikibeba kikiwa ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Kodi, mahakama, haki ya kumiliki ardhi, hata mahali pa kukaa hospitalini, vyote vilitegemea kama mtu amehesabiwa kuwa native au la. Ndipo lilipotokea jambo la kusikitisha Mombasa. Thenashara Taifa, yaani Tatu Taifa na Tisa Taifa, watu ambao kama kuna wanaoweza kuitwa wenyeji wa Mvita basi ni wao, walitumia miongo mingi wakiandika barua na kutuma wajumbe ili wasihesabiwe kuwa natives, bali wahesabiwe pamoja na Waarabu. Wanahistoria wengine wamewahukumu vikali kwa kuikana Afrika. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Walichokikana kilikuwa safu katika daftari la kodi. Lakini ni kweli pia kwamba anayejadiliana na daftari kwa muda mrefu huanza kuongea lugha yake, na watoto wa watu hao walikua wakisikia kwamba kuwa wa hapa ni hasara, na kwamba heshima hutoka ng'ambo ya bahari. Deni la mafunzo hayo lilikuja kulipwa na watu wengine, mahali pengine.

Mahali penyewe ni Unguja na Pemba, katika miaka ambayo wazee hadi leo huiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Kila chama kilikuwa na orodha yake ya wenyeji na orodha yake ya wageni. Wapo waliosema kwamba wafanyakazi waliotoka Tanganyika na Nyasaland kuja kupalilia na kuchuma karafuu ni wageni wa juzi, wasio na haki ya kuamua mambo ya visiwa. Wapo waliosema kwamba Mwarabu, hata awe kizazi cha tano, hata awe hajui neno la Kiarabu zaidi ya sala zake, ni mgeni aliyekaa kupita kiasi. Katikati yao walikuwepo Washirazi, Wahadimu na Watumbatu na Wapemba, waliojiona wenyeji kuliko wote na waliogawanyika baina ya pande zote mbili. Jina lenyewe la Afro-Shirazi lilikuwa mshono uliounganisha madai mawili ya uenyeji, na wakati mwingine nyuzi zake zilionekana. Mashambani baadhi ya wenye ardhi waliwafukuza maskwota waliopigia kura upande usiotakiwa. Hapo methali ya jembe iligeuzwa: aliyelima miaka ishirini aliambiwa aliweke jembe chini na aondoke, kwa kuwa ameonekana bado ni mgeni.

Yaliyofuata Januari 1964 yanajulikana na wasomaji wa jarida hili, wengine kwa kusimuliwa, wengine kwa macho yao. Wengi walikufa, na wengi walivuka bahari. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walio nje warudi, familia nyingi za Unguja, Pemba na Mrima zilihamia Oman, na huko zikakutana na jambo ambalo lugha ilikuwa imekwisha kulitabiri. Unguja waliambiwa wao ni wageni kwa sababu ya damu ya babu zao. Oman, ambako damu hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango, waliitwa Wazanzibari. Kiarabu chao kilikuwa cha kujikwaa, kupika kwao kulikuwa kwa nazi, na walipogombana ndani ya nyumba waligombana kwa Kiswahili. Walijenga nchi hiyo: walikuwa walimu, wauguzi, wahandisi, makarani wa wizara mpya. Walipata uraia wa kamili. Na jioni, walipoulizana barazani wenyeji wa wapi, walijibu Wete, Mkoani, Malindi, Ng'ambo.

Upande wa pili wa bahari maneno mapya yalikuwa yakishika nafasi. Uhuru ulimleta mwananchi, mwana wa nchi, neno la upole linalompa kila mtu mama mmoja, nalo likafaa katika jukwaa kuliko raia, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kundi linalochungwa. Mnamo Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge lilijadili muswada wa uraia, na walikuwapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alipinga kwa ukali na kutishia kujiuzulu. Kwake uraia ulipaswa kufuata utii kwa nchi, si rangi ya ngozi. Alishinda siku ile. Hoja aliyoipinga haikufa, ilibadilisha nguo tu. Baada ya milango ya uchumi kufunguliwa katika miaka ya 1990, Tanzania ilisikia sana neno mzawa na sera ya uzawa: nani anayestahili kununua kiwanda kinachobinafsishwa, nani apewe mkopo. Swali la haki lilikuwamo ndani yake, wala si dogo, kwa kuwa waliokuwa na mitaji walikuwa nayo kwa sababu za kihistoria. Lakini neno lililochaguliwa lilikuwa neno la kuzaliwa, na hata hivyo halikukusudia kuzaliwa. Mhindi aliyezaliwa Tanga, ambaye baba yake alizaliwa Tanga, alizawa kama mwingine yeyote. Kila mtu alijua kwamba si yeye anayesemwa. Uganda ilikuwa imekwisha kuonyesha mwaka 1972, kwa muda wa siku 90, njia hiyo inaweza kumfikisha mtu wapi.

Lipo pia neno la watu wa asili, ambalo Kiswahili cha Umoja wa Mataifa hulitumia kwa jamii kama Wahadzabe, Waogieki na Wabatwa. Tarehe 13 Septemba 2007 Baraza Kuu lilipopitisha Azimio la haki za watu hao, kwa kura 144 dhidi ya 4, Tanzania ilikubali, Kenya na Burundi hazikupiga upande wowote. Hoja iliyosikika sana kutoka Afrika ilikuwa kwamba Waafrika wote ni watu wa asili. Mtetezi wa neno mwenyeji angependa kusema kwamba hapa nalo lingefaa zaidi, lakini ukweli ni kwamba halifai. Neno lililojengwa kwa mji halina nafasi ya mtu wa msituni. Mwogieki wa Mau hakuwa na mji. Alikuwa na msitu, mizinga ya nyuki na njia za wazee wake, na wale waliokuja na miji yao, wakoloni kwanza na serikali baadaye, walimwona kuwa amekaa mahali pasipo na mwenyewe. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilipotoa hukumu kwa faida yao mwezi Mei 2017, iliwatambua kwa neno la asili, na haingeweza kuwatambua kwa neno la mji. Kila neno la namna hii lina mtu ambaye humwacha nje ya ukuta, na la Kiswahili limemwacha huyu.

Linalobaki ni matumizi ya kila siku, ambayo hayangoji mahakama wala mabunge. Kijana anapopata nafasi ya masomo Uingereza, au anapoondoka Mombasa kwa njia nyingine ambazo hazisemwi kwa sauti, jambo la kwanza ambalo mama yake huuliza ni "mwenyeji wako huko nani?" Hakusudii Mwingereza. Anakusudia mtu yeyote anayetoka mtaani kwao, au aliyesoma na mjomba wake, au aliyewahi kukaa nyumba moja na jirani yao, aliyetangulia. Huyo mwenyeji aweza kuwa anaishi chumba kimoja na wenzake wawili. Aweza kuwa anafanya kazi ya usiku ya kusafisha ofisi, na ombi lake la makazi liko mezani kwa mtu kwa mwaka wa tatu bila jibu, hata kwamba kwa sheria ya nchi ile hana hakika kama mwezi ujao atakuwapo. Hata hivyo siku ya siku huamka alfajiri, hupanda basi mbili na treni mpaka Heathrow, husimama kwenye kizuizi pamoja na madereva wenye vibao vya majina, na mkononi ameshika koti la pili, kwa kuwa anajua mgeni wake atakuwa amekuja na shati jepesi. Njiani atamwonyesha jinsi ya kugusisha kadi kwenye lango la treni, duka linalouza unga wa mahindi, na ni upande gani wa ngazi asimame ili wenye haraka wapite.

Koti lile mgeni hurudisha baadaye, au harudishi. Mara nyingi hulibakiza, na baada ya miaka miwili mitatu hulichukua tena mkononi, hupanda basi mbili na treni, akaenda kusimama kwenye kizuizi kilekile.